Fyuzi kuingia kwenye plagi haina maana ndiyo yake: uzi wa fyuzi na adapta za nyumbani

Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Naandika nikiwa na plagi ya pasi hapa mezani. Ni ya mama yangu mkubwa, ameniletea jana akisema pasi inapata moto vizuri ila plagi inanuka. Nimeifungua. Fyuzi iliyomo imeshaungua zamani, na juu yake mtu ameviringisha karatasi ya alumini, ile inayong'aa ndani ya pakiti za sigara. Plastiki inayoizunguka imegeuka kahawia, mguu mmoja wa plagi unacheza, na ganda la waya wa moto limekauka hivi kwamba nikilipinda kidogo linapasuka. Pasi yenyewe haina kasoro hata moja.

Mama anasema fundi alimwambia "nimekurekebishia kwa muda". Huo muda umefika miezi minane.

Nimekosa usingizi kwa ajili ya hii plagi, ndiyo maana nimeamua tulizungumze hili jambo kwa kirefu. Wengi wetu tunachagua fyuzi kwa kuangalia kama inaingia, na adapta kwa kuangalia kama kichwa chake kinaingia. Kikiingia na kifaa kikawaka, tunaona kazi imekwisha.

Naanza na fyuzi. Watu wengi wanadhani ipo kulinda kifaa. Fyuzi ya kwenye plagi ipo kulinda waya unaotoka kwenye plagi hadi kwenye kifaa. Waya ukibeba umeme kupita uwezo wake unapata joto, na joto hilo halipandi sawasawa na umeme: ukiongeza ampea mara mbili, joto linakuwa mara nne. Waya uliopita chini ya zulia au nyuma ya kabati unaweza kuyeyusha ganda lake wakati kifaa bado kinafanya kazi kama kawaida. Ndani ya fyuzi kuna kiwaya chembamba kilichopimwa kiyeyuke kabla waya wako haujafika huko. Kazi yake ni kufa mahali pa waya.

Kuijua saizi ni hesabu ya kugawanya tu. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, gawanya kwa volti za umeme wa nyumba. Pasi ya wati 1000 kwenye volti 230 inakula ampea 4.3 hivi. Birika la umeme la wati 2200 linakula karibu 9.6. Feni ya wati 60 haifiki hata ampea 0.3. Kisha unachukua fyuzi iliyo juu kidogo ya hapo, lakini isiyozidi uwezo wa waya. Hapo kwenye waya ndipo watu wanaporuka.

Kwa plagi za miguu mitatu bapa, zile za mtindo wa Uingereza, fyuzi zinazokutwa sana ni za 3A, 5A na 13A. Zote zina urefu na unene uleule, kwa hiyo mkono hauwezi kukuambia tofauti. Lazima usome. Mara nyingi ya 3A ina maandishi mekundu na ya 13A ya kahawia. Plagi za aina nyingine nyingi hazina fyuzi kabisa ndani yake. Huko ulinzi unategemea kikata umeme cha ukutani na fyuzi iliyomo ndani ya kifaa.

Nikirudi kwa pasi ya mama. Karatasi ile haikuwa imeondoa ulinzi tu, ilikuwa inatengeneza moto yenyewe. Alumini iliyokunjwakunjwa haigusi vizuri. Tuseme mguso wake una ukinzani wa nusu omu: kwa ampea 4.3 hapo panazaliwa joto la wati 9 na zaidi, kwenye eneo dogo kama ukucha, limefungiwa ndani ya plastiki. Na hata fyuzi nzima isingeliona joto la namna hii, kwa sababu ampea hazijapanda. Plagi ikinuka, ikiwa ya moto mkononi au ikibadilika rangi, usiisubiri fyuzi. Chomoa.

Karibuni tuchangie.

Mdau 1

Mkuu asante. Sasa kwa nini nisiweke 13A kila mahali nipumzike? Mimi nyumbani plagi zote zina 13A, hakuna kinachokatika.

Mleta uzi

Ndugu, hiyo ya kutokukatika ndiyo inayonitisha. Angalia waya wa taa yako ya mezani. Yawezekana ni wa 0.5 mm za mraba, na waya huo umepangiwa ampea 3. Wa 0.75 ni ampea 6, wa 1.0 ni 10, wa 1.25 ni 13. Namba hii mara nyingi imechapwa kwenye ganda la waya wenyewe, ipige tochi kwa upande utaiona.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hatulifahamu: fyuzi ya 13A haikatiki kwenye ampea 13. Kwa kipimo cha Uingereza cha BS 1362, fyuzi ya plagi inatakiwa ibebe mara 1.6 ya namba yake kwa angalau nusu saa, na ikifika mara 1.9 ndipo inatakiwa ikatike ndani ya nusu saa. Piga hesabu: fyuzi ya 13A inaweza kukaa kwenye ampea 20 na zaidi bila kushtuka. Sasa mpe mlinzi huyo kazi ya kulinda waya wa ampea 3. Taa ikipata hitilafu ya kuvuta ampea 12, fyuzi yako itaona ni siku ya kawaida.

Ukiweka ya 3A kwenye taa, feni, redio, chaja na televisheni nyingi za sasa, utakuwa sawa. Vyenye joto, yaani birika, jiko, hita na pasi, ndivyo vinavyotaka kubwa. Kama kifaa au kitabu chake kimetaja fyuzi, fuata hicho kwanza kabla ya hesabu yangu.

Mdau 2

Fundi, mimi shida yangu ni amplifaya. Fyuzi yake ni ya kioo, ipo nyuma. Imeungua mara tatu wiki hii. Pameandikwa T2AL250V, nimekuwa nikiweka za 2A nilizopata lakini hazina hiyo T. Leo nilitaka niweke ya 5A nione.

Mleta uzi

Kaka usiweke ya 5A. Nakuomba sana. Tusome kwanza hayo maandishi.

2A ni ampea. 250V ni volti ya juu kabisa ambayo fyuzi hiyo inaweza kuukata umeme kwa usalama. Usiidharau: fyuzi ya gari ya volti 32 hata ikiwa ya ampea zilezile, ukiiweka kwenye umeme wa nyumba inaweza kuyeyuka halafu cheche iendelee kuruka katikati ya pengo, umeme ukaendelea kupita kana kwamba haikukatika. Kwenye AC, yaani umeme unaobadili mwelekeo kama wa nyumbani, cheche inasaidiwa kuzimika kwa sababu umeme unapita sifuri mara 100 kwa sekunde kwenye mfumo wa hezi 50. Kwenye DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri, hakuna msaada huo, kwa hiyo fyuzi ya AC isihamishiwe kwenye betri na sola kama haijaandikwa volti zake za DC.

T ni fyuzi ya taratibu. Amplifaya ina transfoma na kapasita kubwa, yaani vifaa vya kuhifadhi umeme. Ukiwasha tu, kwa sehemu ndogo ya sekunde inavuta umeme mwingi kuliko kawaida yake, kisha inatulia. Fyuzi ya T inavumilia mruko huo. Ya F ni ya haraka, haivumilii. Yawezekana ulizokuwa unaweka ni F, zikawa zinakufa kwa mruko wa kuwashia. Kinyume chake nacho ni kibaya: palipoandikwa F ukiweka T, unaupa umeme muda wa kuua kilichokuwa kinalindwa.

Ile L ya mwisho inaeleza fyuzi inaweza kukata umeme mkubwa kiasi gani bila yenyewe kupasuka. L ni kioo cha kawaida, uwezo wake mdogo. H ni ile ya kauri, ndani imejazwa mchanga unaozima cheche, na inakata hadi ampea 1500. Palipoandikwa H usiweke L. Kioo kinaweza kulipuka ndani ya kifaa. Penye L, ya H yenye ampea, volti na kasi ileile inakubalika.

Sasa nisaidie kitu kimoja. Chukua hizo tatu zilizoungua uziangalie kwenye mwanga. Kioo kiko safi na kiwaya kimekatika katikati, au kioo kimepakwa weusi na rangi ya fedha ndani?

Mdau 2

Mbili kioo ni safi. Ya tatu ni nyeusi kabisa, kama kioo cha kujitazamia ndani.

Mleta uzi

Hapo sasa. Kioo kisafi mara nyingi ni kwamba umeme ulizidi kidogo, kiwaya kikachoka na kuyeyuka polepole. Cheusi kinachong'aa ni kwamba kiwaya kiligeuka mvuke mara moja: hiyo ni shoti. Inawezekana kabisa zile mbili za mwanzo zilikufa kwa sababu hazikuwa T, na ya tatu ikafa kwa sababu ndani kuna kitu kimeshaungua. Ukiweka 5A, hicho kilichoungua kitapata umeme zaidi ya mara mbili, na transfoma ndiyo itakayogeuka fyuzi. Transfoma inapokatika haikatiki kimyakimya, inatoa moshi kwanza.

Mpelekee fundi anayejua kuweka balbu ya nyuzi, siyo ya LED, kwa mfululizo na kifaa, yaani umeme wa kifaa upitie kwenye balbu hiyo, kabla ya kukiwasha. Kifaa kikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu na kubeba umeme wote, na hakuna kinachoungua zaidi. Kikiwa kizima, balbu inawaka kidogo mwanzoni kisha inafifia. Wewe mwenyewe usikifungue: kapasita za ndani zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Ukipata jibu turudishie hapa.

Mdau 3

Habari kaka. Mimi rauta yangu adapta imekufa. Chini ya rauta pameandikwa 12V 1A. Nina kapu la adapta za zamani: moja 12V 2A, moja 9V 1A, moja 12V 500mA, na nyingine imeandikwa 12V~ 1A. Zote kichwa kinaingia. Nitumie ipi? Naogopa ya 2A itaunguza.

Mleta uzi

Dada, swali lako limekusanya karibu kila kosa linalofanyika kwenye adapta.

Volti ni kitu adapta inakisukumia kifaa. Ampea ni kitu kifaa kinajichotea. Kwa hiyo volti lazima zilingane, na ampea za adapta ziwe sawa au zaidi ya zile za kifaa. Ile ya 12V 2A haitaunguza kitu. Rauta itachota ampea yake moja na adapta itabaki inapumua. Hiyo ndiyo yako, kwa sharti moja nitakalolitaja.

Ya 9V iache. Rauta inaweza kuwaka na kuzimikazimika, na ukahangaika na intaneti siku nzima wakati tatizo liko ukutani. Ya 500mA, yaani nusu ampea, iache pia: itajaribu kutoa mara mbili ya uwezo wake, itapata moto, na hapo ndipo adapta zinapoanza kunuka. Niliwahi kuacha ya namna hiyo usiku kucha nyuma ya meza. Asubuhi ilikuwa imeacha alama ya duara la kahawia kwenye mbao, na nilipoigusa sikuweza kuishika.

Ile ya 12V~ ndiyo hatari iliyojificha. Hicho kialama cha wimbi ni AC. Rauta yako inataka DC, na alama yake ni mstari mmoja ulionyooka na chini yake mstari wa vipandevipande. Namba zinafanana, umeme ni tofauti. Itenge na nyingine, iandike kwa kalamu kubwa.

Sharti nililosema ni ncha. Tafuta kwenye adapta na kwenye rauta mchoro wa nukta katikati ya duara wenye alama za kujumlisha na kutoa. Michoro ifanane. Vifaa vingi vina chanya katikati, lakini vipo vyenye hasi katikati, na kifaa kisicho na kinga ukikigeuzia ncha kinakufa mara moja. Angalia na tundu lenyewe: vichwa vya milimita 5.5 kwa nje vipo vyenye tundu la ndani la 2.1 na vyenye la 2.5. Cha 2.5 kwenye pini ya 2.1 kinaingia bila shida, ila kinacheza, na mguso unaocheza unatoa cheche na joto, kama ile karatasi ya alumini.

Mdau 4

Mimi drili yangu ya betri chaja ilipotea, betri ni ya 12V, nikawa natumia adapta ya 12V. Inachaji kiaina.

Mleta uzi

Mkuu acha leo leo. Kama ni betri ya lithiamu, hiyo 12V ni jina tu. Ina seli tatu, kila moja ikijaa ni volti 4.2, jumla 12.6. Chaja yake inahesabu: inasukuma kwa ampea zilizopangwa, ikikaribia kujaa inapunguza, mwisho inakata. Adapta haina akili hiyo. Siku utakayopata adapta ya volti 13 au 15 na ikaingia, hakuna wa kuisimamisha, na seli ya lithiamu iliyojazwa kupita kiasi inawaka moto ambao huuzimi kwa urahisi. Bora drili ikae bila kazi mpaka upate chaja yake.

Mdau 5

Mnatutisha bure jamani. Mimi natumia chaja ya bei ndogo isiyo na jina mwaka wa pili huu, simu inajaa vizuri. Tofauti iko wapi kama zote zinatoa 5V?

Mleta uzi

Nashukuru umeuliza, hili ndilo lililonifanya nijali haya mambo kuliko jingine lolote.

Tofauti haiko kwenye zile volti 5. Chaja inapokea volti 230 za AC, inazigeuza kuwa DC ya takribani volti 325, inazikatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, kisha inazivusha kupitia transfoma ndogo sana kwenda upande wako. Upande mmoja wa ile transfoma kuna umeme wa kuua. Upande wa pili kuna waya ambao mtoto anaweza kuutia mdomoni. Vyote viko ndani ya kijumba unachokifunika kwa kiganja.

Nilifungua chaja mbili zilizokufa nikaziweka pembeni kwa pembeni. Ya kwanza, kati ya pande mbili za ubao palikuwa na njia tupu pana, zaidi ya milimita 6, na katikati ubao ulikuwa umekatwa ufa kabisa ili vumbi na unyevu visije vikajenga daraja. Transfoma ilikuwa imezungushiwa utepe wa njano tabaka juu ya tabaka. Mlangoni palikuwa na fyuzi. Ya pili, njia ya shaba ya umeme mkubwa ilipita karibu na ya upande wa simu, milimita moja na nusu hivi. Utepe wa transfoma ulikuwa mzunguko mmoja. Fyuzi haikuwapo, mahali pake palilehemewa kiwaya.

Zote mbili, zilipokuwa hai, zilitoa volti 5 safi. Simu isingejua tofauti. Wewe ungeijua siku joto limeulegeza ule utepe mmoja, na umeshika simu huku inachaji, miguu iko kwenye sakafu yenye maji.

Bila kufungua, tazama haya: iwe imeandikwa wazi volti na ampea za kuingia na kutoka, iwe na alama ya mraba ndani ya mraba kama haina mguu wa ardhi unaofanya kazi, isiwe nyepesi kama ganda tupu, na miguu ikae imara kwenye soketi. Alama zinaghushiwa, najua, kwa hiyo chanzo cha kununulia kina uzito kuliko stika. Ile hisia ya mtetemo mwororo ukipitisha kidole kwenye bodi ya chuma ya kompyuta mpakato inayochaji mara nyingi ni kawaida. Kuna kapasita maalumu inayounganisha pande mbili na kupitisha umeme mdogo mno. Lakini kikikushtua mkono ukaruka, hicho si cha kawaida, chomoa ukutani kwanza ndipo uguse tena.

Mdau 3

Kaka swali la mwisho. Nina mtoto anayetambaa. Hizo fyuzi za 3A zitamlinda asipigwe na umeme?

Mleta uzi

Hapana dada, na ni vizuri ujue hivyo. Umeme wa kuua mtu ni mdogo sana. Vikata umeme vinavyolinda watu vinapangwa vikate kwenye miliampea 30, yaani 0.03 ya ampea. Fyuzi ya 3A ni mara mia ya hapo. Mtu anaweza kupoteza maisha fyuzi ikiwa nzima kabisa. Kinachomlinda mtoto ni kile kikata umeme cha kwenye boksi kuu chenye kitufe kilichoandikwa T au Test. Kibonyeze: kikikata, kinafanya kazi. Kama kwenye boksi lako hakipo, mwite fundi mwenye leseni akiweke kabla ya kununua kingine chochote. Na pasi iliyowaka usiiache na waya unaoning'inia, mtoto atauvuta.

Mdau 2

Nimerudi na majibu. Fundi aliweka balbu kama ulivyosema, ikawaka kali palepale. Diodi mbili kati ya nne, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zilikuwa zimepiga shoti. Amebadilisha zote nne, balbu ikawaka mara moja na kufifia. Nimeweka T2A, ni siku ya nne leo inapiga, haijakatika. Ile ya 5A nimeitupa.

Mleta uzi

Safi sana kaka. Nunua T2A mbili za akiba, uzibandike kwa utepe nyuma ya amplifaya, ili siku ikikatika usiku mtu asitafute karatasi ya alumini.

Ya mama nimeikata plagi na sentimita 20 za waya uliokauka, nimefunga plagi mpya. Nilivuta kila waya baada ya kukaza skrubu, na nimeikaza ile kamba ya kubania ganda la nje ili waya ukivutwa usichomoke. Nimeiwasha dakika 20 nikashika plagi: ya baridi. Kesho namrudishia.